Kuhamishia Mbuna Kwenye Tangi Kubwa la Mtumba

Mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wakiwa watano au sita wadogo hupendeza kwenye tangi la lita 60, lakini kwa miezi michache tu. Wakifika sentimita 7 au 8, dume mmoja hutwaa jiwe, kisha kona, kisha tangi zima, na wenzake hubaki wamebanana juu karibu na hita huku mapezi yamechanika. Hapo ndipo watu huanza kutafuta tangi kubwa, na kwa kuwa jipya ni ghali, wengi huishia kwa la mtumba: la mtu anayehama nyumba, la hoteli inayobadilisha mapambo, la ofisi iliyochoka kulisha samaki.

Mfano tutakaoutumia ni huo: samaki wa Ziwa Nyasa kutoka tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 kwenda tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45. Zidisha urefu, upana na kimo, gawanya kwa 1,000, utapata lita: la kwanza 63, la pili 243. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi inayobaki juu, tangi kubwa litabeba maji kama lita 200. Hiyo 200 ndiyo namba ya kukokotolea dawa, chumvi na hita. Mwenye samaki wa dhahabu au gapi atafuata hatua hizohizo, isipokuwa kwenye suala la pH, yaani kipimo cha asidi ya maji.

Kabla ya yote, elewa nini hasa kinahamishwa. Samaki hutoa amonia kwa matamvua na kinyesi. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Mbili za mwanzo ni sumu hata zikiwa kidogo. Nitrati huvumilika mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Wameganda kwenye sponji ya filta, kwenye mawe na kwenye mchanga, na huchukua wiki nne hadi nane kujijenga upya wakifa. Kwa hiyo anayebeba samaki na maji ya zamani, kisha akaiosha filta kwa maji ya bomba "ili aanze na usafi", ameacha nyuma kitu pekee kilichokuwa kinawaweka samaki hai. Maji ya zamani yenyewe hayana miujiza.

Kabla hujalipa

Nenda mchana, ubebe tochi, rula na kipande cha kitambaa. Pima unene wa kioo kwenye ukingo wa juu. Kwa urefu wa sentimita 120 na kimo cha 45, tafuta milimita 10. Milimita 8 inakubalika ikiwa vioo vyembamba vya juu vinavyoshikilia mbele na nyuma vipo na ni vizima. Milimita 6 kwa vipimo hivyo acha, hata likitolewa bure. Kioo cha katikati cha juu kikiwa na ufa, usikubali maneno ya "hicho ni cha kuwekea taa tu". Ndicho kinachozuia kioo cha mbele kutanuka kama tumbo tangi likijaa.

Pitisha tochi kwa mshazari kwenye kila kona. Kumeguka kidogo kwenye ukingo wa juu si tatizo, lakini pembe iliyomeguka chini au karibu na mshono wa silikoni ni mwanzo wa ufa. Mikwaruzo ya nje haionekani sana tangi likijaa, ya ndani hushika mwani na kuonekana siku zote. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, ujue hautaondoka.

Silikoni ibonyeze kwa ukucha. Iliyo nzima hurudi kama mpira. Iliyochoka huwa ngumu, imebadilika rangi kuwa ya maziwa, au ncha zake zinainuka ukizikwangua. Ukiona sehemu moja imepakwa silikoni mpya juu ya kuukuu, hesabu kwamba linavuja, kwa sababu silikoni mbichi haishiki vizuri kwenye silikoni iliyokwisha kukauka. Tangi lililokaa kavu stoo kwa mwaka au zaidi nalo lishuku, hata kama mshono unaonekana safi.

Uliza lilikuwa na nini. Maji ya bahari si tatizo, ni kusafisha chumvi tu. Madoa ya buluu kwenye silikoni ni dawa ya samaki na hayadhuru. Dawa yenye shaba ni jambo la kuzingatia kama utafuga konokono au kamba, kwa kuwa shaba huwaua. Lakini lililowahi kuhifadhia dawa ya mimea, rangi au mafuta ya taa liachie hapohapo, maana silikoni hunyonya.

Vifaa vinavyouzwa pamoja na tangi vichukulie kama nyongeza. Hita ya zamani ni ya kutupwa. Ikikwama ikiwa imewaka, samaki watachemka usiku mmoja. Filta ya nje inafaa ukibadilisha mpira wa mfuniko na kuhakikisha vali hazivuji. Sponji zake kavu hazina bakteria tena, hata muuzaji akisema ni "zilizokomaa".

Kulibeba na kulisafisha

Tangi hili tupu ni kama kilo 50. Libebwe na watu wawili wenye nguvu au, vizuri zaidi, wanne, mikono ikiwa chini ya kioo cha sakafu, kamwe si kwenye vioo vya juu. Kwenye bajaji halitoshi. Kirikuu inatosha: tandika godoro, lisimamishe kama linavyokaa nyumbani, libane pembeni kwa mito, na kamba iwe ya kuzuia tu, isikaze. Usisafirishe na mawe ndani yake. Na tangi lenye maji, hata robo, halinyanyuliwi. Maji yakisogea upande mmoja, sakafu ya kioo hupinda na mshono huachia, pengine siku tatu baadaye usiku wa manane.

Anza na ukoko mweupe wa chokaa. Loweka karatasi za chooni katika siki, zibandike kwenye mstari wa maji wa zamani kwa nusu saa, kisha kwangua kwa wembe ulioushika kwa kuulaza. Epuka kugusa silikoni. Suuza mpaka harufu ya siki iishe kabisa, kwa sababu hatua inayofuata ni jiki, na jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini ambayo haifai kuvutwa hata kidogo.

Jiki iwe ya kawaida isiyo na manukato wala sabuni, mililita 50 kwa kila lita ya maji. Pangusia kuta zote, acha dakika 15 hadi 30, suuza mara tatu au nne, kisha anika juani siku nzima. Pua ndiyo kipimo. Sabuni ya unga, ya maji au ya mche isiguse tangi wala ndoo. Mabaki yake huharibu matamvua na hayaonekani kwa macho.

Siku mbili za kupima uvujaji

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta hasara kubwa. Tafuta barazani mahali palipo sawa, weka plaiwudi na juu yake kipande cha povu jeupe la kufungia vifaa, unene wa sentimita 1 au 2, kitosheleze sakafu yote ya tangi. Povu hili ni kwa matangi ambayo kioo cha sakafu hukaa moja kwa moja juu ya stendi. Lenye fremu ya plastiki chini halitaki povu, kwani fremu ndiyo inayobeba uzito na povu litasukuma kioo juu.

Hakikisha kwa pimamaji kwamba liko sawa pande zote mbili. Jaza sentimita 15, subiri saa mbili. Jaza hadi 30, subiri tena. Kisha jaza mpaka sentimita 3 kutoka juu. Pitisha karatasi ya chooni kwenye kila mshono kwa nje. Unyevu mdogo ambao kidole hakiuhisi utaonekana kwenye karatasi. Tandaza gazeti kavu kuzunguka chini. Weka alama ya kalamu kwenye kina cha maji na uliache saa 48.

Maji yatapungua hata lisipovuja, hasa kukiwa na upepo. Kutofautisha ni rahisi: weka ndoo ya maji pembeni yake, nayo iwe na alama. Vikishuka sawasawa, ni mvuke. Tangi likishuka zaidi ya ndoo, linavuja, hata kama gazeti halijalowa. Kwenye sakafu ya ukubwa huu, kila sentimita moja ni lita 5.4, kwa hiyo usidharau milimita chache.

Likivuja, usipake silikoni juu ya tundu. Mwaga maji, likauke, kisha kata kwa wembe utepe wote wa ndani wa silikoni kwenye kona zote, wala si ile kona moja, ili utepe mpya ushike kioo kitupu na uungane kwa mzunguko mzima. Ile silikoni nyembamba iliyo katikati ya kioo na kioo usiiguse. Ndiyo inayoshikilia tangi. Futa kwa spiriti, bandika utepe wa karatasi milimita 6 kila upande wa kona, paka, lainisha kwa kidole kilicholowa, ng'oa utepe kabla silikoni haijaganda. Dukani omba silikoni ya kioo iliyoandikwa asilimia 100, ile inayonuka siki inapokauka. Ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu ni sumu kwa samaki. Iache wiki nzima, harufu ikiisha rudia kipimo cha saa 48. Kama mshono unaoachia ni ule wa katikati ya vioo, mpelekee fundi vioo alibomoe na kuliunganisha upya.

Uzito na mahali pa kuliweka

Jumlisha: maji kilo 200, kioo 50, mchanga na mawe 50 au 60. Pamoja na stendi unazidi kilo 330 kwenye eneo lisilofika mita ya mraba 0.6. Sakafu ya zege ya chini haina neno. Ghorofani liweke ukutani, tena ukuta unaobeba nyumba, lisikae katikati ya sebule. Kabati la runinga halifai hata likionekana imara, kwani chipbodi ikilowa hukatika bila taarifa.

Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza stendi ya skwea paipu ya milimita 40 kwa 40, unene wa chuma milimita 2, miguu sita badala ya minne, na fremu ya juu iwe na ukubwa uleule wa tangi. Juu yake plaiwudi ya milimita 18 iliyopakwa vanishi, kisha povu. Pima tena kwa pimamaji ikiwa mahali pake. Ikiinama, weka vipande chini ya miguu ya stendi, kamwe si kati ya stendi na tangi.

Acha sentimita 10 nyuma kwa mipira na waya. Soketi ikiwa chini ya kimo cha maji, kila waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande kuingia, ili tone linalotembea juu ya waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Dirisha lenye jua la mchana litakupa mwani wa kijani kila wiki. Mbuna huula, ila hawatafua dafu.

Maji, na hasa yanatoka wapi

Tangi hili litahitaji lita 160 mpya, yaani ndoo nane za lita 20, pamoja na lita 40 za zamani.

Maji ya bomba huwa na klorini. Yakikaa saa 24 kwenye pipa wazi na jiwe la hewa (lile linalotoa mapovu ya pampu), klorini itaruka. Pale mamlaka inapotumia kloramini haitaruka, kwa hiyo dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha kwenye chupa ni salama zaidi. Maji ya kisima kirefu hayana klorini, lakini yana mambo yake: hutoka yakiwa na oksijeni kidogo na hewa ya ukaa nyingi, na pH unayopima pale pale si ya kweli. Yapige hewa saa 24 ndipo upime. Visima vya karibu na pwani vingi vina chumvi. Mbuna huvumilia ugumu, si maji ya mchanganyiko wa bahari. Maji ya boza yachukulie kama hujui asili yake: pima na tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya mvua hayana madini ya kushikilia pH, usijaze tangi la mbuna kwa hayo peke yake.

Ziwa Nyasa lina pH ya kati ya 7.7 na 8.6. Usihangaike kufikia namba kamili, tafuta kutobadilika. Makombe yaliyosagwa, yale wanayokuwa nayo wauza chakula cha kuku, yasiyochanganywa na kitu, hufanya kazi vizuri: osha nusu kilo, tia kwenye mfuko wa wavu, weka ndani ya filta. Yatayeyuka polepole na kuinua pH taratibu. Magadi ya kuchemshia maharage usiyatie. Hupandisha pH kwa ghafla na huwa na chumvi nyingine usizozijua.

Kwa mchanga, eneo la sentimita 120 kwa 45 kwa unene wa 4 linahitaji kilo 30 hadi 35. Mchanga wa mto wa fundi ujenzi unafaa ukichekechwa na kuoshwa ndoo kwa ndoo mpaka maji yatoke meupe. Tenga nusu siku kwa kazi hiyo. Kwa mbuna hakuna ubaya mchanga ukitoa mapovu ukiudondoshea siki, maana ni chokaa. Kwa samaki wa maji laini, mchanga huo haufai.

Joto nalo. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar maji ya ndani ya nyumba hukaa 26 hadi 29 sehemu kubwa ya mwaka, na hita hulala. Arusha, Iringa, Mbeya na Nairobi, hasa Juni mpaka Agosti, utahitaji wati moja kwa kila lita. Hita mbili za wati 100 au 150 ni bora kuliko moja kubwa: moja ikifa nyingine inashikilia, na moja ikikwama haiwezi kuchemsha tangi zima upesi.

Filta: anza mapema

Ukiwa na wiki nne mkononi, ifunge filta mpya kwenye tangi la zamani ifanye kazi sambamba na ile kuukuu. Itakamata bakteria yenyewe, na siku ya kuhama unabeba filta mbili zilizo hai. Huna wiki nne? Chukua sponji zote za zamani uziingize ndani ya filta kubwa, mbele ya sponji mpya. Haijalishi kama ni chafu na zinachukiza. Zikamue mara moja tu kwenye ndoo ya maji ya tangi, zisizibe pampu, basi.

Idadi ya samaki ikibaki ileile, bakteria wa zamani wanatosha hata kama maji yameongezeka mara tatu, kwa kuwa wanakula uchafu wa samaki walewale. Tatizo huanza mtu anapofurahia nafasi na kuongeza samaki kumi wiki hiyohiyo.

Kuna mtego kwa wenye tangi lililotelekezwa. Maji yasiyobadilishwa miezi mingi hushuka pH mpaka chini ya 7, na amonia iliyomo hukaa katika hali isiyodhuru sana. Kwa nyuzi 25, kwenye pH 7 chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo yenye sumu kali. Kwenye pH 8.5 ni karibu asilimia 15. Ukimtoa samaki humo na maji yake ukamwingiza kwenye maji mazuri ya pH 8.3, unaibadilisha amonia ileile kuwa sumu ndani ya dakika chache. Ndiyo maana watu husema "nimewapa maji safi wakafa". Dawa yake ni kubadilisha asilimia 10 kila siku kwa siku 10 hadi 14 kabla ya kuhama, mpaka pH za matangi yote mawili zikaribiane.

Siku ya kuhama

Panga mawe siku moja kabla. Yakae juu ya kioo cha sakafu, au juu ya kipande cha povu jembamba, ndipo mchanga ufuate. Mbuna huchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga litaanguka na kupasua kioo. Jenga mapango mengi yenye milango miwili, na uyapange tofauti kabisa na ya zamani: dume mtawala akikuta ramani mpya hana jiwe la kudai, na kwa siku kadhaa wote huanza sawa.

Weka sahani juu ya mchanga na mwaga maji juu yake ili yasichimbe. Jaza zile lita 160, washa pampu na hita, acha usiku kucha. Hita iwashwe ikiwa imezama, na siku yoyote unapopunguza maji izime, subiri dakika 20 ipoe kabla haijakaa hewani, la sivyo kioo chake hupasuka. Siku hiyo samaki wasile. Tumbo tupu huchafua ndoo kidogo.

Anza asubuhi. Chota kwanza lita 40 za juu, zilizo safi, kwenye ndoo ambazo hazijawahi kuona sabuni. Toa mawe ya zamani. Mwani na bakteria walio juu yake ni mali, yaingize tangi jipya yakiwa mabichi. Maji yakishuka hadi sentimita 15, zima taa na ukamate samaki kwa nyavu mbili, moja imetulia na nyingine inasukuma polepole. Wakubwa wakinge kwa bakuli la plastiki, maana miiba ya mapezi ya mbuna hunasa kwenye wavu. Kuwakimbiza huku na huku kwa nusu saa kunawachosha kuliko safari yenyewe.

Ndoo yenye lita 12 ibebe samaki wanne au watano wa sentimita 8, na dume mkorofi akae peke yake. Funika kwa mfuniko uliotobolewa, kwani huruka, na weka jiwe la hewa. Ikiwa tangi jipya linakaa palepale lilipokuwa la zamani, samaki watasubiri saa tatu au nne. Hapo tumia pipa la lita 60 badala ya ndoo, na filta ya zamani izunguke ndani ya pipa hilo.

Filta ihamie ikiwa mbichi na haraka. Bakteria wake wanahitaji maji na oksijeni. Sponji iliyoachwa kwenye mfuko wa nailoni saa kadhaa mchana wa joto itanuka, na ikinuka imekufa.

Mchanga wa zamani usiumwage wote kwenye tangi jipya. Ukiutibua hutoa tope jeusi lenye harufu ya yai viza, hiyo ni gesi ya salfa na ni sumu kwa samaki. Chukua kilo mbili za juu, suuza kwa maji ya tangi, tandaza juu ya mpya. Uliobaki uoshe baadaye au utupe.

Pima joto na pH pande zote mbili. Joto likitofautiana chini ya nyuzi 2 na pH chini ya 0.3, nusu saa ya kuongeza kikombe kimoja kila dakika tano inatosha. Tofauti ikizidi hapo, tumia mpira mwembamba wa hewa uliofungwa fundo ili udondoshe matone mawili hadi manne kwa sekunde, mpaka maji ya ndoo yawe mara mbili, kisha mwaga nusu na urudie. Waachie wote kwa pamoja, wa kiume watawala mwisho. Taa isiwashwe mpaka kesho yake.

Wiki za mwanzo

Maji yakiwa na ukungu wa kahawia ni vumbi la mchanga, litatulia siku moja hadi tatu. Ukungu mweupe kama maji ya mchele unaokuja siku ya tatu au ya nne ni bakteria wanaoelea, nao huondoka wenyewe. Anayeosha filta kwa sababu yake huurefusha.

Lisha baada ya saa 24, theluthi ya kawaida, chakula cha mwani zaidi kuliko cha nyama, na rudi kiwango cha zamani baada ya wiki. Pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki mbili kwa vipimo vya matone. Vya karatasi hukosea zaidi. Amonia ikifika miligramu 0.5 kwa lita, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo, na kesho tena kama bado ipo. Nitriti ikionekana, badilisha maji na utie chumvi isiyo na madini joto gramu 1 kwa lita, yaani gramu 200 kwa tangi hili, ikiwa imeyeyushwa kwanza. Kloraidi ya chumvi huzuia nitriti kupenya kwenye matamvua. Samaki wanaohema juu ya maji wanakuambia jambo hilo kabla ya kipimo.

Vidoa vyeupe kama punje za chumvi kwenye mapezi kabla wiki haijaisha ni ugonjwa wa vimelea, ambao mara nyingi hujitokeza samaki wakipigwa na baridi au kusumbuka wakati wa kuhamishwa. Pandisha joto hadi 29 au 30, nyuzi moja kwa saa kadhaa, ongeza hewa kwa sababu maji moto hushika oksijeni kidogo, na tumia dawa ya vidoa kwa siku zote zilizoandikwa hata vikitoweka mapema. Vidoa vinavyotoweka vimeshuka mchangani kuzaliana.

Umeme ukikatika, filta ya nje iliyofungwa huishiwa oksijeni baada ya saa chache. Ukirudi ukaiwasha hivyohivyo, itamwaga maji yaliyooza kwa samaki. Ifungue, mwaga maji ya ndani, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uiwashe. Pampu ndogo ya hewa ya betri yenye filta ya sponji ndani ya tangi ni kinga ya bei nafuu, na kwa wenye mgao wa mara kwa mara si ya hiari.

Samaki wapya wasubiri wiki nne hadi sita, waingie wachache wachache, kwa kila dume majike watatu au zaidi. Kabla hujauza lile tangi la lita 60, fikiria tena. Likiwa na sponji moja iliyokaa mwezi mzima ndani ya tangi kubwa, linakuwa karantini tayari kwa saa moja, na kila samaki mpya akae humo wiki tatu kwanza.